Vina vya Watanguti

Kaskazini-magharibi mwa China, pale Mto Manjano unapopinda kwenda kaskazini na mashamba yanapoliachia jangwa nafasi, ilisimama kwa karibu miaka 200 dola ambayo Wachina waliiita Xia ya Magharibi. Wenye dola hiyo ni Watanguti, na lugha yao, Kitanguti, ni ya ukoo mmoja na Kichina na Kitibeti, ukoo mpana ambao ndugu zake wakikutana sokoni hawaelewani. Mji wao mkuu ulikuwa mahali ulipo leo mji wa Yinchuan. Mwaka 1038 mtawala wao Yuanhao alijitangaza kuwa mfalme wa wafalme, sawa kwa cheo na yule wa China, na vita vikafuata kama ilivyotarajiwa. Lakini miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1036, alikwisha kufanya jambo lililodumu kuliko vita vyake vyote: aliamuru watu wake wawe na hati yao wenyewe.

Hati hiyo, ambayo kubuniwa kwake kunanasibishwa na mwanachuoni Yeli Renrong, ina alama karibu 6,000. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni Kichina, kwa jinsi alama zake zilivyojaa katika miraba. Ukisogea karibu huoni hata alama moja iliyoazimwa; Mchina msomi angeweza kukaa nayo kutwa nzima asiweze kusoma neno. Kila alama ni silabi moja, na aghalabu silabi hiyo ni neno kamili. Mistari yake ni mingi mno, kana kwamba aliyeibuni alikusudia kuwachosha wageni, na pengine ndivyo. Na jambo lililo kubwa kwetu ni hili: hati hiyo haisemi sauti. Alama ya «maji» haikuambii kuwa neno laanza kwa midomo au kwa koo, wala laishia kwa irabu gani. Aliyeisoma alikuwa na sauti kichwani mwake tangu hapo. Asiyekuwa nayo alitazama picha bubu.

Jambo hili si geni kabisa kwa wasomaji wa pwani. Waandishi wa zamani wa Lamu na Pate, walipoandika tenzi kwa herufi za Kiarabu, mara nyingi waliandika «mb» kwa herufi ya «b» peke yake, na «nd» kwa «d», wakamwachia msomaji ajaze kwa sikio lake. Sikio hilo lilikuwapo, na kwa hiyo tenzi zasomeka. Kwa Watanguti sikio lilikufa.

Mwaka 1227 jeshi la Wamongoli liliiangamiza dola ya Xia. Genghis Khan mwenyewe alifariki mwaka huohuo katika vita hivyo. Watanguti waliosalia wakawa raia wachache miongoni mwa wengi, baadhi yao wakitumikia watawala wapya, na lugha yao ikaanza kupungua vinywani. Haikutoweka kwa siku moja. Mwaka 1345, katika lango la mawe la Juyong, kaskazini ya Beijing, maneno matakatifu ya Kibudha yalichongwa kwa hati sita, na ya Kitanguti ni mojawapo. Nguzo mbili zilizopatikana Baoding, za mwaka 1502, ndizo maandishi ya mwisho ya Kitanguti yenye tarehe tunayoijua. Baada ya hapo, kimya. Wazungu walipoanza kuyachunguza maandishi ya Juyong katika karne ya 19, msomi mmoja mashuhuri aliyadhania kuwa ya Wajurchen, watu wengine kabisa, na hapakuwa na mtu wa kumsahihisha papo hapo.

Sauti ya lugha kama hiyo yapatikana wapi?

Yapatikana, kwa ajabu, katika vitabu vya vina. Na vitabu hivyo navyo vilipatikana jangwani. Mwaka 1908 msafiri wa Kirusi Pyotr Kozlov aliufikia mji uliohamwa ambao Wamongoli huuita Khara-Khoto, yaani Mji Mweusi, katika nchi ambayo leo ni Mongolia ya Ndani. Mwaka 1909 akarudi, na nje ya ukuta wa magharibi watu wake wakalifungua kuba la Kibudha lililojaa vitabu, nyaraka na picha, maelfu kwa maelfu, vikiwa vimehifadhiwa na ukavu wa hewa. Shehena yote ikapelekwa Saint Petersburg, na mpaka leo sehemu kubwa ya maandiko ya Kitanguti imo katika mji huo. Wingi wake ni tafsiri za vitabu vya dini. Lakini ndani ya lundo hilo zilikuwamo kazi za watu ambao dini yao, ikiwa neno hilo laruhusiwa, ilikuwa matamshi.

Kitabu cha kwanza chaitwa Sauti Sawa. Toleo lake moja ni la 1132. Chakusanya karibu alama zote za lugha na kuzigawa katika milango tisa kwa kufuata mahali sauti inapoanzia: midomo, ulimi, meno, koo na kadhalika. Ndani ya kila mlango, alama zitamkwazo sawasawa zimewekwa pamoja kama watoto wa tumbo moja, na duara dogo latenga tumbo hili na lile. Mwisho wa mlango ziko alama pweke, zisizo na mwenziwe wa matamshi.

Cha pili ni Bahari ya Maandishi, na hiki ndicho chenye hazina. Kimepanga maneno kwa toni, kisha kwa vina. Toni ni mbili. Ya kwanza ina vina 97, na ya pili 86. Vikilinganishwa vya upande huu na vya upande huu, jumla yake huwa vina 105. Chini ya kila alama mna mambo matatu: jinsi ilivyoundwa, maana yake, na namna ya kuitamka. Namna hiyo ya kutamkisha imetoka kwa Wachina, ambao kitabu chao maarufu cha vina, Qieyun, ni cha mwaka 601, na ni rahisi kuieleza. Tuseme Kiswahili nacho kingeandikwa kwa alama zisizoonyesha sauti, alama moja kwa silabi moja. Mwandishi akitaka kumjulisha msomaji sauti ya alama ngeni, amwandikia nyingine mbili azijuazo: ya kwanza yasomwa «cha», ya pili yasomwa «fu». Msomaji atwaa mwanzo wa ile na mwisho wa hii, apata «chu». Mshairi yeyote aliyewahi kuhesabu mizani kwa vidole ataona kuwa hii ni akili ya mtu mwenye sikio la ushairi, aliyekata silabi vipande viwili na kujua kuwa kina kiko katika kipande cha pili.

Ila mwenye kuja baada ya miaka 800 apata taabu. Yeye hajui «cha» wala «fu». Akifuata minyororo ya alama zinazotumiwa kutamkisha alama nyingine, atagundua kuwa hizi zaanza sawa na hizi zaishia sawa. Atapata ramani kamili ya nyumba, vyumba vyake na nani alala na nani, asisikie hata mmoja wao akizungumza. Vitabu hivi viwili vyatoa udugu wa sauti, havitoi sauti.

Na 105 ni idadi inayosumbua. Kiswahili kina irabu tano. Hakuna anayeamini kwamba Kitanguti kilikuwa na irabu 105, na silabi zake, kama zetu, kwa kawaida hazikuishia kwa konsonanti kama «t» au «k» ambazo zingeongeza vina. Tofauti hizo zote basi zilikaa wapi? Wasomi walipotazama mpangilio wenyewe wakaona kwamba orodha yazunguka: irabu zaenda kwa utaratibu fulani mpaka karibu na kina cha 60, kisha zaanza tena kwa utaratibu uleule, na tena. Kila mzunguko ni irabu zilezile zikiwa zimevaa nguo nyingine. Mzunguko mmoja ni wa irabu za kawaida. Mwingine hufahamika kuwa wa irabu zilizokazwa, koo likiwa limebanwa kidogo. Mwingine ni wa irabu zinazotamkwa ncha ya ulimi ikikunjwa, kama kwamba «r» imeyeyuka ndani yake. Mpangaji wa kale hakuandika maelezo ya haya. Aliwaandikia watu waliokuwa wakizisikia tofauti hizo kila siku kwa mama zao.

Hapa pana jambo ambalo wapenzi wa mashairi watalistaajabia. Watu waliotunga kitabu kikubwa namna hiyo cha vina hawakuvitumia vina hivyo kuwa sharti la tungo zao wenyewe. Waliozisoma tungo za Kitanguti zilizosalia hawakukuta humo kanuni ya kina. Nguvu ya ubeti ni hesabu ya silabi na ulinganifu, mstari wa pili ukijibu wa kwanza neno kwa neno. Mkusanyo wa methali wa mwaka 1187, wenye methali zaidi ya 360, umejengwa kwa misingi hiyo. Kitabu cha vina basi kilikuwa nini kwao? Kwa sehemu kilikuwa heshima: dola yenye fahari ilipaswa kuwa nacho kwa kuwa China ilikuwa nacho. Kwa sehemu kilikuwa chombo cha mwalimu. Haidhuru. Lililofanywa kwa kuiga ndilo lililowaokoa.

Ushairi wenyewe una siri yake nyingine. Katika tungo zilizochapwa kwa mbao mwaka 1185 umo utungo wa miezi 12 ya mwaka ambao umeandikwa mara mbili, ubeti kwa ubeti: kwanza kwa msamiati wa kale wa sherehe, kisha kwa maneno ya kawaida, maana ikiwa ile ile. Maneno ya upande mmoja mengi hayafanani hata kidogo na ya upande wa pili. Msomi wa Kijapani Nishida Tatsuo aliona hapo lugha za matabaka mawili ya watu waliochanganyika wakawa taifa moja. Wengine wameona ni lugha teule ya washairi tu. Wanaokumbuka jinsi Kingozi kilivyotukuzwa na watunzi wa kaskazini ya pwani yetu, na jinsi msikilizaji wa kawaida alivyohitaji mfasiri, wataelemea upande wa pili, ingawa mazoea ya pwani si ushahidi wa mambo ya Mto Manjano.

Turudi kwenye sauti. Ili nyumba ile izungumze, alihitajika mgeni aliyesimama mlangoni na kuandika alichosikia kwa herufi za kwao. Wageni wawili wamepatikana.

Wa kwanza ni Mchina, au tuseme Kichina. Mwaka 1190 Mtanguti aitwaye Gule Maocai alitunga kitabu kidogo alichokipa jina la Lulu Kiganjani kwa Wakati wake, kwa lugha zote mbili. Katika dibaji anasikitika kwamba Watanguti na Wachina waliishi katika nchi moja bila kuelewana, na kila upande ukakosa heshima kwa hekima ya mwenzake. Dawa yake ni safu nne. Neno la Kitanguti. Maana yake kwa Kichina. Pembeni, matamshi ya Kitanguti kwa alama za Kichina. Na upande wa pili, matamshi ya Kichina kwa alama za Kitanguti. Maneno yamepangwa kwa mbingu, dunia na binadamu. Kwa kitabu hiki, ambacho mwanazuoni wa Kirusi Aleksei Ivanov alikitambua mara tu shehena ilipofika, mlango ulifunguka, na pengine hakuna kamusi ndogo iliyofanya kazi kubwa zaidi.

Lakini alama za Kichina nazo hazisemi sauti waziwazi, na Kichina cha kaskazini-magharibi cha karne ya 12 si Kichina cha leo. Mtafiti hujikuta akipima kamba kwa kamba nyingine. Mfano mmoja watosha. Sauti fulani za Kitanguti ziliandikwa kwa alama ambazo kwa Kichina zaanza kwa «m» na «n». Katika lahaja za upande ule, alama hizo zilitamkwa kwa kuanzia puani na kumalizia kinywani, kama «mb» ya «mbuzi» na «nd» ya «ndizi». Je, Mtanguti alisema «mb», au alisema «b» safi na Mchina, asiyekuwa na «b» safi, akaiandika kwa kilicho karibu? Nishida aliamua kuwa ni «mb» na «nd». Gong Hwang-cherng wa Taiwan, aliyefariki mwaka 2010 na ambaye mfumo wake wa sauti ndio uliotumiwa zaidi, aliamua kuwa ni «b» na «d». Msomaji wa Kiswahili, ambaye kwake tofauti hiyo ni ya kuzaliwa nayo, aweza kuona ni mjadala mdogo; mwambie basi achanganye «buni» na «mbuni» uone atakavyokasirika.

Mgeni wa pili ni Mtibeti. Yako mabaki ya karatasi za dini ambazo kando ya kila alama ya Kitanguti mtu ameandika matamshi kwa herufi za Kitibeti. Huenda walikuwa watawa wa Kitibeti waliotaka kusoma pamoja na wenzao. Herufi za Kitibeti zaonyesha sauti moja moja, kwa hiyo vipande hivi vichache vyathaminiwa kama dhahabu. Aliyevikusanya na kuvitangaza, katika kitabu kilichotolewa Osaka mwaka 1926, ni Nikolai Nevsky.

Huyu hapitwi haraka. Alizaliwa Urusi mwaka 1892, akaenda Japani mwaka 1915 kwa masomo, mapinduzi yakamkuta huko, akabaki mpaka 1929. Alikuwa na sikio ambalo wenzake walilionea wivu. Alizikusanya nyimbo za kisiwa cha Miyako, akasoma lugha ya Waainu, akaenda Taiwan mwaka 1927 kuandika lugha ya Watsou wa milimani. Mtu aliyezoea kusikiliza lugha za watu wachache zikiwa hai ndiye aliyeitaka ile iliyokufa. Alimwoa Mjapani, Isoko, na mwaka 1929 akarejea Leningrad, mahali zilipokuwa karatasi za Khara-Khoto. Kwa miaka minane akajaza madaftari ya kamusi kwa mkono wake. Oktoba 1937 alikamatwa kwa tuhuma ya kuwa jasusi wa Japani. Novemba 24, 1937, alipigwa risasi, na mkewe siku hiyohiyo. Ivanov naye aliuawa mwaka huo. Kwa muda mrefu vitabu vilitaja kwamba Nevsky alifariki mwaka 1945, uongo ambao serikali yenyewe iliutoa. Madaftari yake yalisalia. Yalichapwa mwaka 1960 katika majuzuu mawili, na mwaka 1962 yakapewa Tuzo ya Lenin, tuzo ya juu ya dola ileile iliyomwua. Wasomi waliokuja baada yake wakaendelea: uchunguzi wa sauti wa Sofronov na Kychanov ukatoka mwaka 1963, na Bahari ya Maandishi pamoja na tafsiri yake ya Kirusi mwaka 1969. China nayo ikatoa mwaka 1997 kamusi kubwa ya Li Fanwen.

Mlango wa tatu umefunguliwa karibuni zaidi, na haumo kitabuni. Katika milima ya magharibi ya Sichuan, mbali kusini ya jangwa la Khara-Khoto, ziko lugha ndogo za vijijini za kundi la Gyalrong, baadhi zenye wasemaji wasiozidi maelfu machache. Hazikuwahi kuwa na dola wala hati. Sifa yao ni kurundika konsonanti mwanzoni mwa neno hadi ulimi wa Mswahili ukate tamaa. Mwaka 2020 kundi la watafiti, Guillaume Jacques akiwa mmoja wao, walitoa hoja kwamba Kitanguti ni cha tawi la magharibi la kundi hili hasa. Ikiwa ndivyo, basi mizunguko ile ya vina yapata maelezo. Chukua hesabu. «Nane» kwa maandishi ya Kitibeti ni brgyad, na «mia» ni brgya. Katika Kijaphug, lugha mojawapo ya Gyalrong, maneno yote mawili yangali na «r» ndani yake. Kwa Kitanguti, «nane» na «mia» zote zimo katika mzunguko wa ulimi uliokunjwa. «Tatu» kwa Kitibeti huandikwa gsum, na Wajaphug hutamka sauti ya koo mbele ya «s» mpaka leo. Kwa Kitanguti «tatu» imo katika mzunguko wa irabu zilizokazwa. Konsonanti iliyotangulia ilianguka, na ilipoanguka ikaiachia irabu rangi yake. Mpangaji wa Bahari ya Maandishi alipokiweka kina hiki mbali na kile alikuwa, bila kujua, akihifadhi konsonanti ambazo babu zake walikwisha kuziacha.

Bado yapo yasiyokubaliwa. Gong alieleza tofauti za vina kadhaa kuwa ni urefu wa irabu, fupi na ndefu. Wengi waliomfuata wamelikataa hilo na kutafuta sababu nyingine. Toni mbili zina majina yaliyoazimwa kwa Wachina, «iliyo sawa» na «ipandayo», na majina hayo hayathibitishi kwamba moja ilikuwa sawa na nyingine ikapanda. Na katika Bahari ya Maandishi iliyochapwa kwa mbao, juzuu la toni ya pili halijapatikana. Vina vyake 86 vyajulikana kwa nakala ya mkono iliyofupishwa, ambayo aliyeinakili aliacha maelezo mengi, labda kwa haraka, labda kwa uhaba wa karatasi.